Skrini Ikibadili Mwendo, Macho Ndiyo Yanayolipa

Leo usiku zima taa ya chumbani. Shusha mwangaza wa simu yako mpaka karibu na mwisho, fungua programu yoyote iliyo kwenye hali ya giza, halafu telezesha kidole, acha, telezesha tena, acha. Usiangalie maandishi. Angalia ule ukijivu ulio nyuma yake. Kwenye baadhi ya simu hutaona kitu. Kwenye nyingine utaona ukijivu unapanda na kushuka kidogo, kama moto wa kibatari uliopitiwa na upepo. Ni jambo dogo, na wengi wetu tungelala tukalisahau. Mimi nataka tulizungumze.

Kwenye kile kipindi chetu cha simu na wazazi mlituma sauti nyingi, na nyingi zilikuwa za kuchekesha. Baba anayeandika kwa herufi kubwa tupu, shangazi anayesambaza kila kitu kwenye kundi la ukoo saa kumi alfajiri, na kadhalika. Lakini kuna habari moja iliyojirudia kwa sura tofauti tofauti: mzazi amepata simu mpya nzuri, baada ya wiki anasema inamuumiza macho, na watoto wanamwambia ni umri huo, nenda kapime miwani. Kisha tunaendelea na maisha.

Msimamo wangu ni huu. Mara nyingi ni umri kweli, au ni miwani, au ni uchovu. Lakini mara nyingine ni simu, na sababu yake inajulikana kiufundi, ina majina, ina vipimo, na inaweza kupunguzwa. Kampuni zinazotengeneza skrini za OLED zinajua hivyo kwa miaka. Kinachokosekana ni kumwambia mnunuzi na kumpa swichi mkononi. Na sisi, watoto tuliosoma tukakulia huku Johannesburg, ndio tuko katikati: ndio tunaowapangia wazazi simu, ndio tunaowatafsiria dukani na kliniki. Tukitafsiri ovyo, malalamiko yao yanapotea njiani.

Kwa nini mwanga unacheza

Nilisoma uhandisi wa umeme, ingawa siku hizi naandika programu, kwa hiyo nivumilieni kidogo kwenye sehemu hii. Nitajitahidi isiwe darasa.

Kwenye kioo cha OLED hakuna taa ya nyuma. Kila pikseli inatoa mwanga wake yenyewe. Mwanga huo unategemea umeme unaopita, na umeme huo unaamuliwa na volteji iliyohifadhiwa kwenye kapasita ndogo sana, moja kwa kila pikseli. Ifikirie kama ndoo. Kiasi cha maji ndani ya ndoo ndicho kinachoamua mwanga. Kwa sisi wa Johannesburg mfano wa ndoo hauhitaji maelezo marefu. Maji yakikatika mtaani, kila mtu anajua thamani ya ndoo iliyojaa.

Sasa ndoo hii ina tundu dogo. Umeme unavuja polepole kupitia transista. Simu inaijaza tena kila inapochora picha upya. Ile namba inayotangazwa kwenye boksi, 60 Hz, 90 Hz, 120 Hz, ni hiyo: mara ngapi kwa sekunde picha inachorwa upya. Kwenye 120 Hz ndoo inajazwa kila baada ya milisekunde 8.3. Kwenye 60 Hz inasubiri milisekunde 16.7. Kwenye 10 Hz inasubiri milisekunde 100. Ikisubiri muda mrefu zaidi inavuja zaidi, na wastani wa mwanga unabadilika. Kwa upande mwingine, kasi ikiwa kubwa sana muda wa kujaza kila mstari wa pikseli unakuwa mfupi, na ndoo inaweza isifike pale ilipotakiwa kufika. Kwa hiyo kiwandani wanaipima skrini na kuweka majedwali ya kurekebisha volteji kulingana na kasi, ili kijivu cha 60 Hz kifanane na kijivu cha 120 Hz.

Wakirekebisha vizuri, huoni kitu. Wakirekebisha kwa haraka haraka, kijivu cha kasi moja hakilingani na kijivu cha kasi nyingine. Na hii inaonekana zaidi gizani, kwenye rangi nyeusi-nyeusi, kwa sababu hapo umeme unaopita kwenye pikseli ni mdogo mno. Kosa dogo kwenye kitu kidogo ni kosa kubwa. Kwenye rangi nyeupe kosa lilelile linamezwa.

Simu za siku hizi hazikai kwenye kasi moja. Ukigusa kioo inapanda 120, ukiacha inashuka 60 au chini zaidi ili kuokoa betri, ukifungua video inashuka tena. Kwenye gemu ni balaa zaidi, kwa sababu kasi inafuata uwezo wa mashine kila sekunde: sasa 110, sasa 70, sasa 48, sasa 95.

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulikosa. Mtu atakwambia, "Jicho haliwezi kuona 120 Hz, acha ubishi." Sawa, haliwezi. Lakini hapa hatuzungumzii kuona zile 120. Tunazungumzia mwanga unaobadilika kila kasi inapobadilika. Kasi ikiruka juu na chini mara kumi kwa sekunde, umetengeneza mwanga unaocheza mara kumi kwa sekunde. Na jicho la binadamu linahisi mchezo wa mwanga vizuri zaidi katika eneo hilohilo, kati ya mara 8 na 20 hivi kwa sekunde. Kasi yenyewe ya skrini haina ubaya; ubaya uko kwenye kuibadilisha ovyo.

Kuna mchezo wa pili ambao lazima niutenganishe na huu, maana unachanganywa nao kila siku. Skrini nyingi za OLED zikitaka kupunguza mwangaza haziteremshi umeme tu. Zinawasha na kuzima pikseli kwa kasi sana, na kadiri unavyoshusha mwangaza, ndivyo muda wa kuzimwa unavyokuwa mrefu. Hayo ni mapigo, na kwenye simu nyingi yamekuwa kati ya 240 na 480 kwa sekunde. Huyaoni kwa macho. Kamera ya simu nyingine huyaona kama mistari myeusi inayotembea kwenye kioo. Kwa mtu anayeumia, michezo hii miwili huja pamoja, na yote miwili ni mikali zaidi mahali palepale: gizani, mwangaza ukiwa chini.

Kampuni zinajua

Eti labda kampuni hazijagundua? Hapana bwana.

Mwaka 2019 Google walitoa Pixel 4 yenye skrini ya 90 Hz. Wanunuzi wakagundua haraka kwamba mwangaza ukishuka chini ya asilimia 75 hivi, mahali pasipo na mwanga mwingi, simu ilikuwa inarudi 60 Hz kimyakimya. Google wakakubali kwamba hali fulani za mwangaza hurudisha simu 60 Hz. Ndani ya Android yenyewe kuna sehemu ambapo mtengenezaji anaweza kuzuia kasi isibadilike pale mwangaza wa skrini na mwanga wa chumba vyote vikiwa chini. Yaani kuna watu waliokaa gizani na simu, wakaona kijivu kinacheza, wakaandika kanuni. Shukrani kwao. Lakini umewahi kuona habari hiyo kwenye boksi?

Kwenye TV ni hivyohivyo. LG walianza kuuza TV za OLED zenye kasi inayobadilika kwa ajili ya gemu mwaka 2019. Wachezaji wakalalamika kwamba kwenye mapango na usiku wa gemu, weusi unapanda na kushuka. Baadaye LG waliongeza mpangilio wa kurekebisha sehemu za giza kwa mkono. ASUS kwenye baadhi ya skrini zao za kompyuta za OLED wameweka mpangilio wa kuzuia mchezo wa mwanga. Samsung nao wana mpangilio wa kuidhibiti kasi inayobadilika. VESA, chombo kinachoweka viwango vya skrini za kompyuta, mwaka 2022 kilianzisha cheti cha skrini zenye kasi inayobadilika, na mchezo wa mwanga ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa. Unaona? Wachezaji gemu walipiga kelele kwa Kiingereza kwenye intaneti, wakapata swichi na cheti. Mama anayesoma WhatsApp usiku hakupiga kelele. Alisema "inacheza", tukamwambia kapime miwani.

Na dawa zipo. Ya kwanza ni kuziba tundu la ndoo. Kuna transista za silikoni ambazo ni za kasi lakini zinavuja, na kuna za oksidi ambazo zinavuja kidogo sana. Ukichanganya zote mbili kwenye kioo kimoja unapata kile kinachoitwa LTPO. Ndiyo iliyowezesha Apple Watch Series 5 ya mwaka 2019 kushuka mpaka 1 Hz, na iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 kwenda kati ya 10 na 120 Hz. Dawa ya pili ni kuijaza ndoo katikati: gemu likishuka chini sana, skrini inarudia picha ileile mara mbili au tatu ili isisubiri mno. Ya tatu ni kushuka ngazi kwa ngazi badala ya kuruka. Ya nne ni kupima kila skrini kwa kila kasi, tena kwenye mwangaza wa chini, na si kwenye ule wa dukani tu.

Mapigo nayo yana dawa. Honor 90 ya mwaka 2023 ilikuja na mapigo 3840 kwa sekunde, na haikuwa simu ya bei ya juu kabisa. Tangu 2019 baadhi ya simu za Xiaomi na OnePlus zilikuwa na chaguo la kupunguza mwangaza bila mapigo. Mwaka 2025 Apple waliweka kwenye iPhone 17 swichi ya kuyatuliza mapigo hayo, na wameiweka kwenye sehemu ya mipangilio ya ufikivu, pale panapokaa misaada ya watu wenye mahitaji ya macho na masikio. Miaka minane baada ya iPhone X, ambayo ndiyo iPhone ya kwanza yenye OLED. Bora kuchelewa kuliko kukosa, lakini miaka minane ni mingi kwa mwenye kipandauso.

Shida ni kwamba dawa hizi zinagharimu, na zinaanzia juu. LTPO inakaa kwenye simu za bei kali. Simu ya bei ya kati inayouzwa kwa neno "120 Hz" kwa maandishi makubwa, mara nyingi ina transista zilezile zinazovuja, na inaruka kati ya 60, 90 na 120. Namba kubwa ya kwenye boksi inauza. Namba ya mapigo haiandikwi. Tofauti ya mwanga kati ya kasi moja na nyingine haiandikwi. Dukani simu imewashwa mwangaza wote, chini ya taa kali, ikionyesha video ya matunda. Hapo kila simu ni nzuri.

"Lakini wengi hawaoni"

Hoja hii naisikia kazini kila nikiligusa jambo hili, na nataka kuijibu kwa heshima, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ni kweli wengi hawaoni. Ni kweli pia kwamba kasi inayobadilika inaokoa betri, na katika mji huu betri si anasa. Tulipitia mwaka 2023, mwaka mbaya kuliko yote wa mgao wa umeme, Eskom wakitupeleka Hatua ya 6 kama mchezo. Mgao ulisimamishwa mwezi Machi 2024, ukachungulia tena mwanzoni mwa 2025. Simu inayokaa na chaji mpaka asubuhi ilikuwa tochi, redio na njia ya kupiga simu nyumbani.

Lakini fikiria tulivyokuwa tunatumia simu usiku ule. Taa hakuna. Chumba giza tororo. Mwangaza wa simu umeshushwa mpaka chini ili betri ifike asubuhi, hali ya giza imewashwa, na mfumo wa kuokoa chaji unashusha kasi ya skrini. Ukitaka kupanga mazingira mabaya kuliko yote kwa macho yenye shida na OLED, ndiyo hayo, na mji mzima uliyaishi saa kwa saa. Kwa hiyo mtu asiniambie hili ni suala la vijana wa gemu wa Sandton wenye skrini za bei mbaya. Ni suala la yeyote anayesoma gizani: mlinzi wa usiku, mama anayenyonyesha, mzee anayesoma Qurani au Biblia kwenye simu kabla ya alfajiri.

Na kutokuona si kutoumia. Hili halikuanza na simu. Mwaka 1989 huko Uingereza, Arnold Wilkins na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa ofisini waliokaa chini ya taa za mirija. Taa hizo zilikuwa zinacheza mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo wengi hawaioni. Walipobadilishiwa vifaa ili taa zicheze kwa kasi kubwa mno, bila wafanyakazi kuambiwa ni zipi, kuumwa kichwa na macho kulipungua kwa zaidi ya nusu. Hawakuwa wanajisingizia. Mwaka 2015 IEEE, jumuiya ya wahandisi wa umeme, ilitoa mapendekezo kuhusu taa za LED: mwanga unaowaka na kuzimika kabisa unaanza kuhesabiwa kuwa na hatari ndogo kwenye mapigo 1250 hivi kwa sekunde. Mapendekezo hayo ni ya taa, si ya simu. Lakini jicho ni lilelile. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2021 umeweka kikomo cha mchezo wa mwanga kwa balbu za LED. Balbu ya darini, ambayo hata huiangalii, ina kikomo. Kioo unachokishika sentimita thelathini kutoka usoni usiku kucha hakina.

Kwa hiyo swali langu halihusu wangapi wanaona. Yule mmoja anayeumia ameachiwa njia gani? Kama kila simu ingekuwa na swichi ya kusimamisha kasi na swichi ya kuzima mapigo, wengi wangeendelea na betri yao na wachache wangeendelea na macho yao. Swichi haimwondolei mtu yeyote kitu.

Mama mdogo na muuza simu

Mama mdogo wangu ni muuguzi wa zamu ya usiku. Wodini taa zinashushwa ili wagonjwa walale, naye simu yake anaishusha mwangaza kabisa ili asiwasumbue. Alipopata simu mpya alianza kuumwa kichwa upande mmoja, kipandauso kile cha kutaka kutapika, usiku wa kazi tu. Alirudi dukani. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akamwambia simu haina kasoro, imepita vipimo vyote, labda ni miwani. Alikwenda kupima miwani akabadilisha. Kichwa kiliendelea.

Nilipomuuliza kwa Kiswahili aniambie hasa anaona nini, hakusema "macho yanauma". Alisema, "Haiumi nikiangalia picha. Inaniumiza nikiwa napandisha ujumbe, ule weusi unacheza, kama taa inayotaka kukata." Angalia sentensi ile. Ndani yake kuna rangi (weusi), kuna wakati (akipandisha ujumbe), na kuna aina ya tatizo (mwanga unacheza). Fundi yeyote anayejua kazi yake angeanzia hapo. Dukani, kwa Kiingereza cha haraka haraka na foleni nyuma yake, sentensi nzima ilikuwa imebaki maneno mawili: macho yanauma.

Tulisimamisha kasi kwenye 60 Hz. Tukapandisha mwangaza wa skrini mpaka karibu nusu, halafu tukatumia ule mpangilio wa ziada unaofunika skrini kwa kivuli, ili kioo kionekane hafifu bila mapigo marefu. Betri inaisha mapema kidogo, anatembea na chaja. Usiku wa kazi sasa kichwa kinamwachia. Sisemi itakuwa hivyo kwa kila mtu. Kichwa kinaumwa kwa sababu nyingi, na maumivu makali ya ghafla ni ya hospitali, si ya mipangilio ya simu.

Sheria ya hapa inasemaje

Afrika Kusini tuna Sheria ya Ulinzi wa Mlaji, namba 68 ya mwaka 2008. Watu wanaijua kwa ile miezi sita: bidhaa isipokidhi ubora unaotakiwa, unaweza kuirudisha ndani ya miezi sita, na wewe ndiye unayechagua kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Lakini sheria inapoeleza kasoro ni nini, inapima kwa matarajio ya watu kwa ujumla. Na hapo ndipo wenye macho kama ya mama mdogo wanapoanguka. Watu kwa ujumla hawaoni mwanga ukicheza, kwa hiyo muuzaji atasema hakuna kasoro, na ana pa kushikia.

Kuna mlango mwingine, na naomba muukariri. Kifungu cha 55, kijisehemu cha 3, kinasema kwamba ukimwambia muuzaji waziwazi unataka bidhaa kwa kazi gani, naye huuza bidhaa za namna hiyo au anajionyesha kuwa mjuzi wa matumizi yake, una haki ya kutarajia bidhaa itafaa kwa kazi hiyo uliyoitaja. Maana yake, neno lako la kabla ya kununua lina uzito. Usimwambie tu "nataka simu nzuri". Mwambie: "Huyu mama atasoma usiku, gizani, mwangaza ukiwa chini, na mwanga unaocheza unamletea kipandauso. Simu hii inafaa?" Mwambie kwa barua pepe au ujumbe ili maandishi yabaki. Akisema inafaa na haifai, una mahali pa kusimama. Mkishindwana, kuna msuluhishi wa bidhaa na huduma, CGSO, asiyemtoza mlaji ada. Na ukinunua mtandaoni, sheria ya mawasiliano na miamala ya kielektroniki ya mwaka 2002 inakupa siku saba tangu upokee bidhaa kughairi bila kutoa sababu. Unalipa gharama ya kuirudisha tu. Siku saba zinatosha kabisa kujaribu simu kwenye chumba cha giza.

Kwa wale wanaobadilisha kioo kwa mafundi wa katikati ya jiji au Fordsburg, swali ni moja la ziada: kioo hiki ni OLED au LCD, na simu bado itabadili kasi kama zamani? Kioo mbadala hakifanani na cha kiwandani kwa mambo haya. Fundi mzuri atakwambia ukimuuliza. Asipoulizwa, atakupa cha bei uliyotaja.

Kinachobaki kwetu

Kwa kampuni nadai mambo matatu tu. Andikeni kwenye boksi mapigo ni mangapi mwangaza ukiwa chini. Wekeni swichi mbili, ya kusimamisha kasi na ya kuzima mapigo, kwenye kila simu ya OLED, hata ya bei ndogo. Na mnapoipima skrini, ipimeni gizani pia, kwa kijivu, kasi ikiwa inapanda na kushuka, kwa sababu hivyo ndivyo inavyotumika.

Kwetu sisi nadai moja, na ni la lugha. Wengi wetu Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha simu za Jumapili. Tunakionea aibu kidogo, tunadhani mambo ya kiufundi ni ya Kiingereza. Lakini neno la jambo hili wazazi wetu walikuwa nalo kabla OLED haijaja. Taa inacheza. Walilisema Bukavu, walilisema Tanga, walilisema Yeoville umeme ulipokuwa dhaifu. Mzazi akilisema kuhusu simu, muulize maswali matatu: inacheza ukifanya nini, kwenye rangi gani, mchana au usiku? Kisha beba majibu hayo mazima mpaka dukani au kwa daktari, na uyatafsiri yote, neno kwa neno, hata kama foleni nyuma yako inakohoa.